Nyambizi ya Kinyozi na Adui Mwenye Mvi

Enyi mlioketi, na enyi mliosimama kwa kukosa viti, punguzeni redio, lazeni simu kifudifudi, mnipe masikio! Naleta habari za vita ambavyo havikupiganwa nyikani wala baharini, bali ndani ya pipa la bluu lililomo bafuni kwa dada yangu. Na jemadari wake ni shemeji yangu, Kinyozi, Mfyekaji wa Vichaka vya Vichwa, Bwana wa Mashine Tatu, mwenye ndevu zilizokuwa ndizo bango la duka lake, maana wateja hawakutaja mtindo, walizinyooshea kidole tu, wakasema, "Kama hizo."

Shujaa huyu alijiundia nyambizi, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hata ncha za vidole, kiwiliwili chake kipande cha bomba la plastiki, na injini yake ya gari la kuchezea. Nyuma ina kifuniko, na baina ya kifuniko na bomba hulala pete nyembamba ya mpira, ambayo mafundi huiita oringi. Hiyo ndiyo ngome. Ikisimama imara, injini inaishi. Ikilegea, andaeni sanda.

Na ngome ilikwisha kuanguka mara mbili. Mara ya kwanza Kinyozi aliipaka mafuta ya mgando, yale ya kujipaka mwilini, tena kwa ukarimu, kama mama apakavyo mtoto siku ya kupiga picha. Mpira ukayanywa, ukavimba kama mdomo uliobusu nyuki, kifuniko kikakataa kukaa, maji yakaingia bila hodi, yakaiua injini ya kwanza. Mara ya pili, ndiyo leo, alirudi kutoka dukani kwake na oringi mpya na grisi halisi ya silikoni, akapaka, akafunga, akazamisha. Maji yakaingia tena, polepole, kwa adabu, kama mtu aliyechelewa kikao. Injini ya pili ikakata roho. Kati ya tatu alizokuwa nazo, ikabaki moja tu duniani.

Ndipo Dada, Malkia wa Nyumba na Mmiliki Halali wa Pipa, akasimama mlangoni na ndoo ya maji, akahutubia:

"Mume wangu, nisikilize, na wewe mdogo wangu unayecheka huko nyuma, nisikilize. Mwezi mzima naoga kwa zamu na dude! Nikinawa uso, grisi. Nikisukutua, grisi. Jaribu mara moja tu. Likilowa tena, pipa langu linatoka humu, na hilo bomba linakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu."

"Hilo ni plastiki, Dada," nikasema.

"Nitampa bure!"

Kinyozi akaweka mkono kifuani. "Ewe mboni ya jicho langu, subira huvuta heri."

"Yangu imevuta grisi." Akampokonya kile kifuniko kilicholowa ili amwonyeshe aibu yake, akapitisha ukucha juu ya oringi. Ukucha ukakwama. Akavuta kitu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimelala ndani ya grisi kama nyoka nyasini: unywele mmoja, mrefu, mweupe.

Akamgeukia Kinyozi.

"Mume wangu."

"Naam."

"Wangu mweusi. Wako mweusi. Huyu bibi mwenye mvi ni nani?"

"Ndiye!" Kinyozi akaruka juu kwa furaha. "Ndiye huyohuyo niliyekuwa namtafuta!"

"Alaa! Na unakiri?" Ndoo ikapanda juu.

"Shem, fafanua upesi," nikamshauri. "Ndoo imejaa."

"Ni wa mzee mstaafu! Nimemnyoa leo asubuhi! Unywele ukilala juu ya oringi, mpira haukai sawa, maji yanapita pembeni yake kama mwizi uchochoroni. Natoka dukani na nywele za watu mikononi, shingoni, kwenye hizi ndevu. Nikiinama, zinadondoka, na grisi inazinasa!"

Tazameni kisasi, enyi wasikilizaji! Miaka yote shujaa alizifyeka nywele kwa maelfu, akazifagia, akazitupa jalalani bila hata pole. Nazo zikakaa kikao, zikamchagua mzee mmoja mwenye busara, zikamtuma apenye ngomeni aizamishe merikebu.

Kinyozi akaishika mashine yake, akamkabidhi mkewe. "Ninyoe."

"Ndevu?"

"Ndevu, kichwa, mikono. Kila penye pa kujificha adui."

Ndoo ikashuka taratibu. "Lakini hizo ndevu ndizo duka. Na mimi nilikuwa nazipenda."

"Zitaota. Injini haioti."

Akamnyoa. Mimi, niliye na haki zote za utani, nikasema, "Shem, umekuwa yai." Yai likaoga, likafunga dirisha upepo usilete mamluki, likaketi kifua wazi. Kinyozi akausafisha mfereji ambamo pete hulala kwa ncha ya kidole, akachukua oringi nyingine mpya, akaipaka grisi kiasi cha punje ya mchele. "Grisi si siagi," akanena, "na oringi si mkate. Ing'ae tu, basi." Tumboni mwa nyambizi akaweka injini ya mwisho na karatasi laini ya chooni, shahidi asiyejua kusema uongo, kisha akasukuma kifuniko huku akikizungusha, hadi kikatoa pumzi.

Nyambizi ikazama. Hapakutoka kiputo. Ikakaa kilindini muda ambao Dada alimtajia mumewe kasoro zake zote, akamaliza, akaanza upya kwa kufuata ukubwa. Kinyozi akabonyeza rimoti. Injini ya mwisho ikanguruma kama mbu mwenye mafua, na nyambizi ikapanda, ikatoa pua majini.

Dada akafungua mwenyewe. Akaichomoa karatasi, akaibonyeza, akaiweka shavuni.

"Kavu," akasema.

Kinyozi akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, asiye na unywele hata mmoja, akalia. Dada akamtazama, midomo ikaanza kumcheza. "Haya, baki na pipa," akasema. "Ila mimi naoga kwanza." Kisha naye machozi yakamshinda, na kwa kuwa hakuwa na leso, akapenga kamasi kwa ile karatasi, akaitupa chooni, akavuta maji.

Hivyo ndivyo ulivyopotea ushahidi pekee wa ushindi mkuu kuliko wote wa zama zetu. Kwa hiyo ninyi, na watoto wenu, na wajukuu wa watoto wenu, hamna budi kuniamini mimi.