Paka wa Wifi na Kifua cha Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Sijalala. Binti amekohoa hadi kukakucha, kifua kikipiga filimbi. Pumu. Tarehe 22 ana mbio za shule, na viatu keshavipanga mlangoni. Atakimbia, nimeapa. Muuguzi kaeleza tena: pampu ya kuvuta dawa, ile ya kahawia, asubuhi na jioni, hata akiwa mzima, ya bluu kifua kikibana. Kisha nichunguze kinachomchokoza. Nichunguze nini? Paka wa wifi yangu, tunayeishi naye, huyo hapo, anajilamba.

Jumanne, 4 Machi
Paka kapuni, kapu kwa fundi cherehani, mtaa wa tatu. Nikamwambia wifi paka katoka kutembea. Kabla sijaepua sufuria, karudi. Wifi akasema paka wake hatembei, hutembezwa.

Jumatano, 5 Machi
Paka nimemfungia nje. Nikafagia chumba cha watoto kama nafukuza mkosi. Zulia nikalipiga fimbo humohumo ndani, binti kitandani akinihesabia. Alipofika thelathini, sauti ikakata. Pampu ya bluu kwenye tundu la ile chupa ya plastiki tuliyoitoboa kitako, naye akavuta dawa kwa mdomo wa chupa, pumzi moja, nyingine. Akatulia. Wifi, bila kuulizwa: na paka alikuwa nje.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki. Muuguzi akauliza kifua hubana lini. Nikafungua mdomo, binti akaniwahi: mama akifagia. Basi, akasema muuguzi, zulia litoke, kitambaa kibichi kiingie, mtoto akae nje nikisafisha. Na pampu ya kahawia, akauliza? Nikakiri naibania, isije ikaisha kabla ya mbio. Akaniambia, "Mama, hiyo si nguo ya sikukuu." Kuanzia leo asubuhi na jioni, hata nikiwa nasinzia wima.

Jumamosi, 22 Machi
Amekimbia. Wa nne, na hakukohoa hata mara moja. Nimelia, nikasingizia jua. Tuliporudi, paka tumemkuta chini ya kitanda cha binti na vitoto vitatu, vimeshafumbua macho. Kumbe vimelala humo zaidi ya wiki, na binti hakubanwa kifua. (Ndiyo, chini ya kitanda kitambaa hakikufika.) Wifi anasema basi paka hana kosa. Mimi nasema sasa washukiwa ni wanne. Pampu ya kahawia anaitunza binti mwenyewe. Eti kwangu haiko salama. Haya. Kapu nimeliosha, nimelianika, liwatoshe wote wanne.