Kamusi Yangu Inaishia L

Jumatatu, 1 Machi 1954. Muleba.
Nimefika kwa shangazi Kemilembe kwa lori la kahawa kutoka Bukoba. Kesi ni Ijumaa. Jirani yake, Mushumbusi, anadai migomba kumi na miwili ya upande wa chini ni yake. Nusu ya chakula cha shangazi hutoka hapo. Nimemwambia asihofu, mimi ni mwanafunzi wa sheria. Amesema anajua, mwaka wa nne huu, kwa posta.

Jumanne, 2 Machi.
Datius yuko hapa! Ni mpwa wa Mushumbusi, tena mwanafunzi mwenzangu wa posta. Atamsemea mjomba wake barazani. Mwaka jana tulinunua pamoja kamusi ya sheria ya Kiingereza, tukagombana, tukaikata kwa wembe. Mimi nina A hadi L. Yeye M hadi Z. Leo nimemwomba nusu yake kwa siku mbili. Amekataa. Basi siwezi kumshtaki Mushumbusi kwa kuingilia ardhi ya mtu, maana neno hilo kwa Wazungu liko T. Si kitu. Ushahidi uko E.

Alhamisi, 4 Machi.
Nimesoma E yote. Kielelezo, kasema mtunzi wa kamusi, ni kitu kinachotolewa mbele ya mahakama. Shangazi alikuwa anategemea wazee wa baraza waje kuitazama ile miramula, mimea ya mpakani aliyoipanda babu. Mambo ya zamani. Alipokwenda kuteka maji nikaing'oa yote tisa, na mizizi yake. Nimeifunga vizuri kwa kamba za mgomba.

Ijumaa, 5 Machi.
Nilipoiweka miramula mezani, wazee wa baraza walishika vichwa. Nilidhani wameguswa. Hakimu, Mzee Rutashobya, akaniuliza kwa upole, sasa mpaka wenyewe uko wapi. Nikamwonyesha: huo hapo mezani. Hata Mushumbusi alichanganyikiwa. Akamwuliza hakimu, "Waitu, huyu kijana anamsemea nani?" Datius alicheka mpaka akatolewa nje. Shangazi alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata babu alipofariki. Niliona aibu, nakiri.

Hakimu ni mtu mwema. Amesema bado lipo kaburi la babu, na wote wanakumbuka kwamba alizikwa hatua mbili ndani ya mpaka. Wazee watakuja Jumatatu kulitazama. Likiwa pale lilipo, migomba itabaki kwa shangazi.

Jumapili, 7 Machi.
Shangazi hasemi nami tangu juzi. Chakula ananipa. Sasa yuko kanisani, nami nimepata nafasi ya kufikiri. Kosa langu nimeliona: miramula ilikuwa ushahidi dhaifu. Mmea hauna jina. Babu anajulikana na kila mtu. Nimetafuta neno la kufukua maiti kwa ajili ya kesi. Liko E. Kwangu!

Tatizo ni jembe. Shangazi amelificha kabla ya kutoka, sijui kwa nini. Nikaenda kwa Datius. Mtu aliyeninyima nusu ya kamusi kwa siku mbili amenipa jembe papo hapo, na sululu juu yake, wala hakuuliza la kazi gani. Akasema nisiharakishe kuvirudisha. Nadhani ameanza kuniheshimu.