Swichi Nyekundu na Uchaguzi wa Kwaya

Jumatatu, 2 Juni

Kompyuta imefika! Ya mezani, kutoka kwa shemeji Adrien wa Kambove. Mpango: nichape kitabu cha nyimbo za Pentekoste, kurasa safi, jina langu chini: Georges, si « Papa Dan » kama wanavyoniita mtaani. Jumapili baada ya misa kwaya inachagua katibu. Jirani yangu Cyrille ni katibu miaka tisa sasa, kwa sababu ya mwandiko mzuri tu. Mwandiko! Zama hizi!

Nimebonyeza. Kimya. Nimebonyeza tena, kwa heshima. Kimya.

Jumanne, 3 Juni

Si waya. Nimejaribu waya tatu. Mshale wa stabilisateur, kile kisanduku cha kusawazisha umeme, umelala kwenye volti 120, kwa sababu mtaa wetu wote wa Shituru unapika na kila nyumba imewasha resho, jiko la umeme. Nimezima taa, redio, friji. Bado! Mke wangu Philomène amerudi, akakuta samaki wake wanavuja maji. Amesema: « Papa Dan, kama ile masini iko na njaa, ikule samaki yangu yote, miye nimechoka. » Nimekula bukari, ugali mtupu, na chumvi.

Jumatano, 4 Juni

Akili ni mali! Nyuma ya kompyuta kuna swichi ndogo nyekundu. Imewekwa 230. Upande wa pili imeandikwa 115. Nani mtaani kwetu amewahi kuona 230? Mwenye kikombe kimoja cha unga hapiki bukari ya arusi. Nimeisogeza kwenye 115, nikaacha stabilisateur, nikachomeka ukutani moja kwa moja.

Imewaka! Nimecheza. Philomène naye amecheza, ingawa anadai alikuwa anakanyaga mende.

Nimemweleza Cyrille yote, kila mtu upande wake wa ukuta, kwa kirefu. Ameuliza kama si hatari. Wivu mtupu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimechapa nyimbo kumi na mbili. Umebaki mmoja, kisha nipeleke mjini zitolewe kwenye karatasi.

Jioni mafundi wamefunga transfoma mpya. Mtaa mzima nje! Vigelegele, masufuria yanapigwa. Ni mimi niliyeanzisha wimbo. Nimechungulia dirishani kwangu: mshale wa stabilisateur umepanda mpaka 220! Cyrille amenikumbatia. Nimelia kidogo, nakiri. Nikakimbia nyumbani kumalizia wimbo wa mwisho, nikabonyeza.

PAA!

Moshi. Harufu ya nywele zilizoungua. Friji ya Philomène inanguruma kwa furaha. Mtaa mzima una umeme, isipokuwa kompyuta yangu.

Jumamosi, 7 Juni

Fundi Parfait ameifungua. Ameuliza kwa upole: « Papa, nani aliweka hii bouton ku 115? Umetia bukari ya batu babili mu tumbo ya muntu moya. » Nimejibu kwamba transfoma ilikuja bila kupiga hodi. Anasema nyimbo ziko salama ndani, ila kifaa kipya kitatoka Lubumbashi wiki ijayo. Pentekoste ni kesho!

Cyrille amekuja na kalamu mbili. Tumeandika nakala kwa mkono mchana kutwa, yeye na mimi. Mwandiko wangu, kuku angeona haya. Hakucheka. Hilo limeniuma kuliko ile PAA.

Jumapili, 8 Juni

Tumeimba mpaka madirisha yakatetemeka! Kura: Cyrille ishirini na tatu, mimi moja. Philomène anaapa si yake. Najua si yake.

Lakini Cyrille, mtu mwema (naandika hili mara ya kwanza na ya mwisho), amesimama akasema kwaya inahitaji mtu wa kuangalia umeme, na kwamba Papa Dan ameteseka vya kutosha, sasa anaujua. Makofi! Mimi, mkuu wa umeme! Nimetembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Ampli ya kwaya, ile ya kukuza sauti, iko sebuleni kwangu niikague. Nimeigeuza. Nayo ina swichi nyekundu, na mtu asiyejua kazi ameiacha kwenye 230! Kanisa liko ng'ambo ya reli, kule transfoma bado ni ile ya zamani. Nimeisogeza kwenye 115. Kabla ya kuirudisha, acha niijaribu hapa nyumbani kwanza. Umeme wetu siku hizi ni mzuri mno.