Kumuua Cheche

Jumatatu, 4 Agosti
Watu kumi na mmoja wameniandikia kwenye simu leo. Kumi wanamsifu Cheche. Mmoja kakosea namba, anatafuta fundi bomba.

Miaka minane nachora katuni ya Bwana Zege, mlinzi wa Kikwajuni, anayenyanyua gari kwa mkono mmoja. Cheche ni msaidizi wake tu! Kijana wa kumshikia joho. Lakini Cheche anachorwa na Sumaiya, mwanafunzi wangu, na sijui anamtia nini, watu wanampenda. Juu ya jalada jina ni langu peke yangu. Hata hivyo inaniuma.

Nshaamua. Toleo hili Cheche atakufa, pangoni Mangapwani. Na Sumaiya mwenyewe ndiye atakayemchora akifa.

Jumanne, 5 Agosti
Nilitegemea atalia. Wapi! Kachora mpaka adhuhuri, kaosha brashi, kazipanga. Kisha kaniambia kesho atakuja na mama yake, Bi Mwatum, kuniomba radhi. Anataka kwenda kuchora kitabu chake mwenyewe.

Nimekaa kitako. Nani atachora mikono? Mikono yote kitabuni ni yake, hata ya Zege. Mkono wangu umeanza kutetemeka tangu mwaka juzi. Anajua yeye tu, na hajamwambia mtu.

Lakini bila ya radhi za mwalimu wake, Sumaiya haondoki. Kalelewa hivyo, ataogopa kazi isije ikakosa baraka. Basi asinipate!

Jumatano, 6 Agosti
Chwaka, kwa dada yangu Mize. Simu nimeizima. Mize kauliza namkimbia nani. Nimemwambia nimekuja kupunga upepo. Hakuamini, kanipa samaki nipare magamba.

Alhamisi, 7 Agosti
Msaliti! Mize kampigia Sumaiya, kamwambia nipo. Ijumaa wanakuja, yeye na mama yake.

Nimejitupa kitandani, nikajifunika shuka mpaka kidevuni. Nimemwambia Mize naumwa sana, siwezi kuonana na mtu. Nani atamsumbua mgonjwa? Sijapata kupanga mpango mzuri kama huu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimefanya nini mimi! Mgonjwa wa kukata tamaa ndiye hasa watu wanayemkimbilia kuombana radhi. Mize kashikwa na hofu, kawaambia majirani, na baada ya sala ya Ijumaa wakaja wote. Mvuvi mmoja nisiyemjua kaniomba radhi, kwa tahadhari tu. Nikamwia radhi. Na mkewe. Na mama mkwe wake. Nikikataa mbele za watu, nimeaibika.

Mwisho akaja Sumaiya. Akakaa chini kwenye mkeka, akanishika mkono, huu unaotetemeka.

"Mwalimu," akasema, "miaka minne sijakusikia ukiniambia nimechora vizuri. Kila nikimchora Cheche nilikuwa nangoja useme. Kama kuna nilipokukosea, nisamehe. Nipe radhi zako."

Chumba kizima kilinitazama. Nilitaka kumwambia kuwa ananishinda, na kwamba najua hivyo tangu mwaka wake wa kwanza. Badala yake nikasema nimekuwia radhi, nenda. Akanibusu mkono, akatoka na mama yake.

Nikageukia ukutani nikalia. Mize alidhani maumivu yamezidi, akaniletea uji.

Jumatatu, 18 Agosti
Nipo mjini. Toleo limetoka, Cheche kafa. Watu arubaini na tatu wameniandikia na hakuna hata mmoja aliyenisalimu.

Nimepata mwanafunzi mpya, Gharib. Hodari mno wa mikono. Sijamwambia, asije akavimba kichwa. Na Zege naye kapata msaidizi mpya. Huyu nimeagiza afunikwe kitambaa usoni kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, wasomaji wasipate sura ya kuipenda. Gharib kauliza kwa nini. Nimemwambia achore.

Jioni Sumaiya kaniandikia. Anaomba Jumapili aje kunitazama, kama bado sijapata nafuu.

Nimemjibu kuwa nimezidiwa.