Kiwanda cha Uani kwa Miaka Hamsini

Jumatatu, 3 Machi
Hati ya kodi ya ardhi imeletwa tena. Ya tatu. Nimeikalia. Kweli kabisa: nimeiweka chini ya mto wa kiti, nikaketi juu yake.

Jirani yangu seremala hakuletewa. Kwa nini? Nikamuuliza nikichungulia ukutani. Akanieleza huku akitafuna penseli: ardhi ya kiwanda iliyokodishwa kwa miaka thelathini au zaidi imesamehewa kodi. Yeye amemkodisha shangazi yake karakana kwa miaka arobaini. Barua ya msamaha ameitia kwenye fremu! Ameitundika mahali ambapo lazima niione nikienda kununua mkate.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina kipara, ila kabla ya chai ya jioni nilikuwa na mpango.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu, Mama Pacha, hushona sare za shule uani. Cherehani ni mtambo. Ua ni ardhi. Kumbe tuna kiwanda na hatukujua! Nitamkodisha yeye. Miaka hamsini, nimzidi seremala kwa kumi.

Mpiga chapa aliye nje ya ofisi ya ardhi alikuwa na mikataba ya aina tatu. Nikachagua mnene kuliko yote, kurasa kumi na tisa, ulioandikwa kwa ajili ya kiwanda cha mafuta ya kupikia. Mkataba mwembamba haumtishi mtu. Palipoulizwa eneo, nikajaza: kiwanja chote na majengo yote yaliyomo. Ubahili wa nini? Palipoulizwa pango, nikajaza: shati moja kwa mwaka.

Mama Pacha aliusoma wote. Kurasa zote! Akauliza kama na mimi nimeusoma. Nikamwambia mambo ya sheria yanataka moyo, si macho. Akatia sahihi. Mwanamke mtiifu.

Alhamisi, 6 Machi
Karani wa ardhi anasema kiwanda lazima kiwe na mtambo uliosimikwa ardhini. Mkaguzi anakuja kesho.

Mama Pacha alipokwenda kuchukua vitambaa, nikakoroga saruji. Nikaisimika cherehani yake miguu yote minne. Kazi safi! Ilipokauka ndipo nikagundua kuwa kanyagio nalo limo ndani ya saruji. Na kwamba cherehani inatazama ukuta, pasipo nafasi ya kupitisha hata goti.

Mama Pacha amerudi na robota lake. Sare arobaini zinatakiwa Jumatatu, na mwalimu mkuu haombwi radhi. Akaitazama cherehani. Akanitazama mimi. Akaenda kuazima ya dada yake. Kimya kikuu kina mshindo mkuu, walinena wahenga. Wahenga hawamjui mke wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi amefika. Mkoba mkubwa, suruali imefumuka mshono nyuma. Akaipiga teke cherehani. Haikutikisika! Akataka kuiona ikifanya kazi. Nikamweleza kuwa leo ni siku ya kupumzisha mitambo. Mama Pacha akamwambia asimame nyuma ya mlango, ampe suruali. Akaishona kwa cherehani ya kuazima, dakika mbili. Mkaguzi akatoka mtu mpya, akagonga muhuri. Tumesamehewa!

Kisha akaniuliza mimi ni nani. Nikajibu kwa fahari kuwa mimi ndiye mpangishaji. Akafunua ukurasa wa kumi na mbili. Mpangishaji haruhusiwi kuingia kiwandani bila notisi ya maandishi ya siku saba. Avae kofia ngumu. Na asilale humo kamwe, kwa hatari ya mafuta kushika moto. Akinikuta ndani, msamaha unafutwa na kodi ya miaka yote ya nyuma inadaiwa kwa mkupuo.

Nikamgeukia mke wangu anitetee.

"Sheria ni sheria, Baba Pacha," akasema. "Na notisi uiandike kwa mwandiko unaosomeka."

Kitanda changu kiko kiwandani.

Jumapili, 9 Machi
Nimehamia karakana ya seremala. Maranda masikioni. Alisema tu kwamba mchimba shimo huingia mwenyewe, akarudia mara tatu, kisha akaenda kuwaambia wateja.

Nilipeleka notisi. Sababu ya kuingia: mswaki. Wanangu pacha waliipokea getini wakauliza kofia ngumu iko wapi. Nikavaa sufuria. Wakasema nirudi Jumapili ijayo.

Niseme ukweli, maana daftari halina mdomo: nimemkumbuka Mama Pacha. Ng'ambo ya ukuta namsikia akicheka na dada yake. Inaniuma.

Jumanne, 11 Machi
Sare zimefika shuleni, na Mama Pacha amenionea huruma. Ukurasa wa kumi na tano unamruhusu mpangaji kumkodisha mtu sehemu ya eneo. Amenikodisha stoo ya majembe, mwezi kwa mwezi; humo mimi ni mpangaji, si mpangishaji. Kinaingia kitanda kimoja cha kukunja.

Akaongeza: nikiomba radhi na kuivunja ile saruji, atauchana mkataba, tutalipa kodi kama watu wengine, nami nitarudi chumbani. Nimemwambia nitalifikiria.

Jumatano, 12 Machi
Nilikuwa naenda kuomba radhi. Nyundo mkononi, naapa! Nikapitia kwanza ofisi ya ardhi kuisajili stoo. Karani akasema upangaji wa mwezi mmoja hausamehewi. Yaani katika kiwanja changu chote, anayetozwa kodi ni mimi peke yangu!

Nikakaa kwenye benchi. Nikafikiri. Wanaotozwa ni walio chini ya miaka thelathini, sivyo?

Nikarudi mbio na mkataba mpya wa stoo. Miaka thelathini na mmoja. Mama Pacha akaniuliza kama nina hakika. Akauliza tena, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu tulipooana. Nikasema nina hakika. Akatia sahihi.

Kilibaki kiwanda: stoo nayo lazima iwe na mtambo uliosimikwa. Nimesimika feni mbovu kwa saruji. Saruji ikabaki, nikasimika na kitanda, mkaguzi asiwe na shaka. Kimeganda kikiwa kimekunjwa nusu, lakini nitazoea. Seremala nimemwagiza fremu, kubwa kuliko yake.

Mkataba ukiisha nitakuwa na miaka themanini na miwili. Nimeweka kifungu cha kuongeza muda.