Taa ya Kijani Kasungami

Jumatatu, 4 Novemba
Mama mkwe, Mama Ngalula, anafika Ijumaa kutoka Mbuji-Mayi. Atakagua nyumba za wakwe zake wawili, yangu hapa Kasungami na ya Clément kule mjini, kisha achague atakapokaa mpaka Noeli. Clément amechimba kisima. Hata akikohoa anakitaja. Mimi nina tangi la plastiki juu ya nguzo, na bomba linalotoa maji likijisikia. Lakini nina akili! Nitatengeneza kipimo cha kuonyesha kama tangi limejaa, bila kupanda ngazi. Mke wangu Christiane amesema nikilitoboa nitalala nje. Silitoboi. Kitabandikwa kwa nje.

Jumatano, 6
Kimekamilika. Vipande viwili vya karatasi ya alumini, ile ya Christiane ya kuchomea samaki, nimevibandika ubavuni mwa tangi; vinahisi maji kupitia plastiki. Waya, kadi ndogo ya umeme, taa mbili. Maji yakifika usawa wa karatasi, inawaka ya kijani. Yakishuka, nyekundu. Nimejaribu. Inafanya kazi! Christiane ameuliza samaki watachomwa na nini sasa. Wavumbuzi tunaishi kwa taabu.

Alhamisi, 7
Mvua kubwa tangu asubuhi. Jioni bomba likatoa maji. Christiane akataka tuwashe pampu tujaze tangi. Nikamwonyesha taa. Kijani. Akasema amefua mashuka yote ya nyumba, haliwezi kuwa limejaa. Nikamwambia asibishane na sayansi. Akaomba aligonge tu, asikie. Nikakataa, karatasi zisije zikabanduka.

Ijumaa, 8
Amefika. Nimemsalimia kwa mbali, macho chini. Amesifu ua. Ameuliza habari za maji. Nimemwonyesha taa. Mvua bado. Kijani! Clément amekwisha.

Jumamosi, 9
Aibu. Christiane alikuwa sokoni. Mama Ngalula aliingia kuoga nyuma ya nyumba, kwenye bafu letu la turubai. Mara akapiga kelele: “Mukwe! Maji ilikatika! Sabuni iko mu macho!” Nikatazama taa. Kijani. Nikamjibu kwa heshima kwamba maji yapo. Akasema hayapo. Nikasisitiza.

Akaanza kulia. Kwetu Wakasai mkwe hakaribii bafu la mama mkwe, hata nyumba ikiungua. Nikabeba ndoo ya maji ya kunywa, nikafumba macho, nikaenda kinyumenyume. Turubai likaanguka. Mimi pia. Macho niliyafumba! Hakuna aliyeuliza habari za macho.

Christiane aliporudi aligonga tangi. Tupu kabisa. Karatasi zilikuwa zimelowa chapachapa. Siku tatu nimepima mvua. Mama Ngalula amehamia kwa Clément. Imeniuma sana.

Jumapili, 10
Nimepeleka mbuzi wa kuomba msamaha. Mama Ngalula amempokea mbuzi. Mimi, bado.

Nikangoja uani. Nikaliona tangi la Clément, analolijaza kwa pampu ya kisima. La plastiki. Halina kipimo! Nikamweleza. Alifurahi, kwa sababu pampu inamlia umeme. Kuanzia leo hataiwasha mpaka aone nyekundu. Nimekimbia nyumbani kuchukua kadi na taa zangu, nikambandikia karatasi. Safari hii nimezifunika kwa mfuko wa nailoni, mvua isizifikie. Juu nimeuacha wazi, zipate hewa.

Wingu linakuja. Mama Ngalula anaoga kesho asubuhi. Atajua mkwe mwenye akili ni nani.