Pingamizi Dhidi ya Kuifanya Chemchemi ya Kessinger Kuwa Mali ya Kila Mtu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ardhi na Maliasili,
Bunge la Jimbo.

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote nakuandikia mimi, Hollis Umberger, mfugaji wa ng'ombe wa Kaunti ya Tolliver, yule mzee mwenye kofia ya nyasi aliyezimiwa kipaza sauti Alhamisi iliyopita kwenye kikao chenu cha kusikiliza maoni, akiwa katikati ya neno "dhuluma". Silaumu mtu. Dakika mbili ni dakika mbili. Lakini kwa kuwa kalamu haina swichi, naomba nimalizie hapa kabla Bunge halijapiga kura Jumanne.

Jambo lenyewe ni zile ekari elfu moja na mia mbili zinazopakana na zangu. Serikali ilizinunua mwaka jana kutoka kwa jirani yangu Bi Ardith Kessinger, mjane wa miaka themanini na mitatu, na sasa upo muswada wa kuzifanya hifadhi ya jimbo. Baadhi ya wenzako wameleta marekebisho wakitaka ardhi hiyo ipigwe mnada. Mimi niko upande wa mnada, na sababu zangu ni hizi.

1. Pale ni pazuri mno. Kuna chemchemi inayotoka chini ya mwamba, maji yake ya buluu yenye ukijani, baridi ya kuuma meno hata mwezi Agosti. Waheshimiwa walisema uzuri huo ndio sababu ya kupafungua. Mimi naona kinyume. Kitu kibaya waachie watu wote. Kizuri kinahitaji mtu mmoja anayekijua, na katika kaunti yetu mtu huyo, nasema bila majivuno, ni mimi.

2. Watu watakuja. Mheshimiwa mwenye tai ya manjano alikadiria wageni elfu sitini kwa mwaka, akalitamka hilo kana kwamba ni habari njema. Sisi wa Tolliver hatufiki elfu nne, na tayari tumechokana. Wageni hao watacheka kwa sauti. Watawapiga picha ng'ombe wangu. Watauliza choo kiko wapi, nao watajengewa choo. Mimi nimetembea kwenye ardhi ile miaka arobaini bila choo na sijawahi kumwandikia mtu barua kuhusu hilo.

3. Haki yangu ya kuvunja sheria. Tangu ujana wangu nimeingia kwa Kessinger kupitia tundu la senyenge nyuma ya mwaloni, kuwinda bata mzinga mwitu majira ya kuchipua, na kukaa tu majira mengine. Marehemu Virgil, mumewe Bi Ardith, alinifukuza mara ishirini na tatu. Tuliheshimiana sana. Alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Sasa pakiwa hifadhi, nitaruhusiwa. Nitapita lango kuu mchana kweupe na mtu mwenye sare atanitakia matembezi mema. Mheshimiwa, mzee wa miaka sitini na saba afanye nini na ruhusa?

4. Bi Ardith mwenyewe. Hili ndilo linaloniuma. Mimi ndiye niliyemleta kwenye kikao chenu, mwendo wa saa tatu kwa gari langu, maana macho yake hayamruhusu tena kuendesha. Njiani tulizungumza habari za mvua na nyasi kavu. Sikujua kwamba naye amejiandikisha kusema, tena upande wa pili. Watoto wake walitaka aiuzie kampuni ya nyumba za likizo. Yeye akaiuzia serikali. Mimi hakuniuliza.

Mheshimiwa mmoja anayetaka mnada alimuuliza kwa upole kama, kwa umri wake, alielewa alichokuwa akikitia saini. Chumba kizima kilisikia jibu.

"Nilielewa. Maisha yangu yote nimesimama getini kufukuza watu waliotaka kuona maji tu. Mume wangu alifukuza, na baba yake alifukuza. Nimechoka kufukuza watu."

Kisha akarudi kuketi kando yangu, akanikatia nusu ya sandwichi yake ya nyama ya nguruwe. Nilikula. Nikaitwa jina langu, nikaenda kumpinga mdomo ukiwa bado umejaa. Wakati wa kurudi, tulipokaribia nyumbani, akaniambia, "Umesema vizuri, Hollis. Ila umekosea." Naliandika hili ili ijulikane kwamba hata upande wa pili unakiri nilisema vizuri.

5. Mapendekezo. Mnada ufanyike, ila mnunuzi awe mfugaji, awe na umri kati ya miaka sitini na sita na sitini na minane, awe anapakana na ardhi hiyo upande wa magharibi, na jina lake la ukoo lianze na herufi U. Ile kampuni ya nyumba za likizo, ambayo mwakilishi wake alikaa mstari wa mbele akitabasamu kila lilipotajwa neno "mnada", isiruhusiwe hata kunywa kahawa karibu na hapo siku hiyo. Kama masharti hayo ni mazito, basi hifadhi ianzishwe, lakini isiwe na lango, kibao wala jina, na kwenye ramani pachorwe kinamasi. Na kama hilo nalo halifai, hao wageni elfu sitini waje kwa zamu, mmoja kwa siku, kila mmoja akiwa na barua kutoka kwangu. Kwa hesabu yangu, wageni wa mwaka wa kwanza watakwisha baada ya miaka mia moja sitini na minne, muda ambao naamini Bunge litaona ni wa kuridhisha.

Nisalimie wanakamati wote, pamoja na yule aliyesinzia, maana alisinzia kwa adabu. Karani wa kipaza sauti mwambie sina kinyongo naye. Mke wangu Lavonne anakusalimu, na ananiagiza niseme kwamba yeye hahusiki.

Wako katika kuilinda mali ya umma dhidi ya umma,

Hollis R. Umberger

Baada ya sahihi: Nimefungua bahasha tena. Leo Jumamosi asubuhi nilikuwa naipeleka barua hii kwenye sanduku la posta nikamkuta Bi Ardith barabarani na mkongojo wake, akaomba nimpeleke chemchemini. Tulikuta watu wawili ukingoni, dereva wa basi wa mjini na mkewe, wazaliwa wa Bosnia, waliosoma habari za muswada gazetini wakaruka geti. Nilishuka garini tayari kuwafukuza. Yule mama alikuwa amepiga magoti, mkono majini hadi kwenye kiwiko, akamwambia mumewe jambo kwa lugha yao. Mumewe akatutafsiria bila kuulizwa: "Anasema mto wa kwao ulikuwa na rangi hii hii. Hajaiona miaka thelathini."

 Bi Ardith alikaa juu ya jiwe kusubiri nimalize kuwafukuza. Mheshimiwa, niliwaonyesha pango. Niliwaonyesha konokono wa kale waliogeuka mawe kwenye mwamba, na mahali ambapo kulungu hunywa. Nilizungumza kwa muda wa saa mbili na robo. Walipouliza kama wanaweza kurudi wiki ijayo pamoja na dada wa yule mama, nilisikia mtu akijibu, "Njooni mapema, kabla jua halijapanda," na mtu huyo nilikuwa mimi.

Barua naituma hivyo hivyo, maana stempu nimeshabandika. Naomba tu usiifungue kabla ya kura.